Nkungu Juu ya Kanisa

Asubuhi ile ziwa lilitulia hata sikuweza kusema maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Mbali, upande wa Malawi, makundi ya nkungu yalisimama juu ya maji kama nguzo. Nkungu ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, na ukiwaona kwa mbali huwezi kuwatofautisha na moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, akina mama huwakinga kwa vikapu na kuwafanya kitoweo.

Nilikuwa nimeketi kibarazani na simu niliyoletewa na binti yangu kutoka Mbinga. Nilipoinua macho niliona wingu la kahawia likizunguka taratibu juu ya kanisa letu la matofali, lile walilojenga babu zetu. Jua lilipenya katikati yake. Nikapiga picha. Nikasogea hadi kwenye mpapai, nikapiga nyingine, kisha nikachuchumaa, nikapiga nyingine kadhaa ili msalaba nao uingie. Nilijisikia kama niko usingizini na kanisa linapumua.

Jirani yangu, bibi anayefagia kanisa, alikuwa akianika mihogo. Nikamwita, "Mama, chukua kikapu. Nkungu wametua kanisani."

Akaja huku akifunga kanga vizuri. "Leo mzee umewahi kuona kitoweo kuliko wanawake," akanitania. Tulipofika uani alisimama, akanusa.

"Baba, tangu lini nkungu wananuka mbao?"

Hapo mabati yakaanza kulia kwa joto. Alitupa kikapu, akakimbilia kengele. Watu walikuja na ndoo za maji ya ziwa, lakini mbao za kale chini ya mabati zilikuwa zimeshashika moto. Zilibaki kuta. Vitabu vya ubatizo viliungua vyote, pamoja na jina la marehemu mke wangu.

Jumapili tulisali katika darasa la shule ya msingi. Padri aliisifu picha yangu ya kwanza, kwa kuwa hatukuwa na nyingine ya kanisa likiwa zima. Alitaka ikakuzwe Mbinga, itundikwe. Watu wakapiga makofi. Bibi alinitazama.

Nikasimama. Nikawaambia picha ziko saba, na kutoka ya kwanza hadi kengele kulia ulipita muda wa kutosha kuita kijiji kizima. Nilidhani ni nkungu. Ningetembea hatua hamsini ningejua, lakini nilikuwa natafuta picha nzuri.

Tulipotoka, bibi alinishika mkono. "Ungeniambia nilete ndoo," akasema. Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Picha ilitundikwa hata hivyo. Ni nzuri mpaka leo. Wageni wakiniuliza ni nini kile juu ya paa, nawaambia ni moshi.