Mstari wa Kaktusi Kati Yetu na Jirani

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shule na kipande cha kaktusi, ile ya vibapa vyenye miiba. Akakichomeka katika kopo la udongo na kukimwagia maji. Nikakichomoa. Nikamwambia kikipandwa kibichi kitaoza. Kiache kivulini mpaka kidonda chake kikauke, ndipo ukisimamishe katika udongo wa mchanga. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema nyanya. Sikumwambia kwamba nyanya alinifundisha hayo ili nimpeleleze jirani.

Tulikaa Rwambuzi, hapa Bunia. Kati ya parsele yetu na ya jirani hakukuwa na ukuta, ila mstari wa kaktusi uliopandwa na babu, kama tulivyoambiwa. Ulifika kimo cha mtu mzima. Mbuzi hakupita, kuku alipita. Jirani alikuwa fundi wa nguo, mpole, na cherehani yake tuliisikia tangu chai ya asubuhi mpaka maharage ya jioni yanapoiva. Alisalimu sana, na hilo ndilo lililomsumbua nyanya.

"Muntu anasalimia hivi kila siku," alisema, "iko na kitu anatafuta."

Babu alipokufa, nyanya akaanza kuukagua ule mstari. Aliniinamisha nione shina. "Hii ya zamani mguu yake iko kama mti. Hii ingine chini ingali mubichi, unaona? Ni kipande kilipandwa juzi. Na iko upande wetu. Ilijitembeza yenyewe?"

Tangu hapo, nikitoka shule, nilikaa kwenye kibao mbele ya jikoni, nikichambua mboga ya lenga-lenga, macho kwenye miiba. Siku moja nikamwona jirani akiokota vibapa vilivyoanguka, kwa fimbo, na kuvipanga juu ya jiwe. Nilikimbia kumwambia nyanya. Hakushangaa. "Anakausha," alisema. "Kisha atapanda ndani ya kiwanja yetu, polepole, mpaka alale kwa kitanda yangu."

Mke wa jirani alikuwa akituletea sombe, majani ya muhogo kwa mawese. Nyanya alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaimwaga nyuma ya choo. Mimi niliisikia harufu yake tu.

Mwishowe akamwita shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa. Alikuja na vijana wawili wenye majembe, na watu wa avenue wakajaa.

"Shefu, muchimbe kwake," nyanya akasema. "Mutakuta visiki vya zamani. Pale ndiyo mupaka ya muzee wangu."

Wakachimba upande wa jirani. Walipata udongo na kipande cha chungu. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, mita ya kupimia nguo bado shingoni.

"Mama," alisema taratibu, "sasa muchimbe kwenu."

Nyanya akasema wachimbe, siye hatuna cha kuficha. Walianzia karibu na kibao changu. Jembe likagonga. Kikatoka kisiki cha kaktusi, kimebaki nyuzi kama wavu mkavu, kisha kingine mbele yake, kisha kingine, vimenyooka kuelekea barabarani. Upande wa pili vilipita chini ya jikoni. Jikoni ile babu ndiye aliyeijenga.

Watu wakasogea kuangalia. Jirani ndiye aliyesema. "Hizi ni baba yangu alipanda. Wakati wa vita tulikimbilia Niania. Tuliporudi, mustari ulikuwa umesogea na jikoni imesimama. Baba aliniambia, acha, muzee ule iko na watoto wengi."

"Na vile vibapa unakaushaka?" nyanya akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Vinaangukaka vyenyewe, mama. Vingine vinaota huko kwenu. Vile naokota napanda kwa barabara, mbuzi isiingie."

Shefu akauliza kama aandike neno juu ya mpaka. Jirani akakataa.

Nyanya hakuomba radhi mbele za watu. Lakini kesho yake alichukua panga, akakata vibapa vizuri kutoka ule mstari, akavitandaza juu ya mkeka wa zamani chini ya paa. Vilipokauka akavipanda mwenyewe juu ya mstari wa visiki, na alipofika jikoni jirani akamwambia, "Mama, pita pembeni, usibomoe." Ndiyo maana mstari mpya ulikuwa na kona. Sombe ilipokuja tena, tulikula.

Hata hivyo hakuacha kumwangalia. "Muntu anajua kitu miaka yote na ananyamaza," alininong'oneza. "Hiyo nayo ni nini?" Na mimi nikaanza kumshuku babu, aliyetugawia nyama kwa haki, kila mtoto kipande sawa. Nilikumbuka asubuhi alizotoka na panga wakati sisi tungali mkekani. Labda alikuwa anaenda shambani. Sijapata wa kumwuliza.

Mwaka huu nilipita pale. Kaktusi zimeng'olewa zote, jikoni haipo, na kuna ukuta wa matofali wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Nilisimama muda mrefu, nikijaribu kujua kona ilikuwa wapi. Mlinzi akafungua kidirisha cha geti.

"Unatafuta nani?"

Nikamwambia nilikulia hapa. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni, akafunga kidirisha, na nikasikia akisukuma komeo.