Meza ya Dirishani

Kila Jumatatu gwarideni, katika shule moja ya upili nyuma ya nyumba za Kaloleni, Mwalimu Patrobas Opicho aliwaonya wanafunzi dhidi ya vibanda vya video. Filamu za vijana wa ng'ambo, alisema, zina mabusu mengi na adabu kidogo. Kisha Mbuthia, naibu wa mwalimu mkuu, akarudi kutoka semina na habari kwamba mwalimu wa kisasa hufundisha kwa video. Wiki hiyohiyo Opicho akagundua kuwa filamu hizo zimejaa sosholojia.

Ugunduzi huo ulikuwa na sababu ambayo hakuitaja katika sala zake. Cheo cha mkuu wa idara yake ya masomo ya jamii kilikuwa wazi, naye alikuwa na diploma tu. Majilisini, chumba cha walimu, wenye digrii walikuwa na meza yao karibu na dirisha, Mbuthia akiitawala. Hakuna aliyeandika sheria ya kumkataza mwenye diploma kuisogelea, na Opicho aliisogelea. Alianza kunywa chai bila sukari kama Mbuthia, akabana gazeti kwapani kama Mbuthia, na mzaha wa Mbuthia ulipokosa wa kuucheka, yeye aliucheka. Alijiambia kuwa huo ni unyenyekevu.

Sasa Mbuthia alikubali kuja kukagua somo lake. Likimpendeza, cheo ni cha Opicho.

Alikodi kanda ya filamu moja sokoni Muthurwa, akaitazama kwanza peke yake ili ajue pa kuruka. Alicheka kuliko inavyompasa mzee wa kanisa. Kesho yake akaiwasha mbele ya Kidato cha Tatu. Ilimhusu msichana mgeni katika shule ambayo kila kundi lina meza yake ya chakula: wachezaji hapa, wasomi kule, warembo katikati. Msichana anaitupa sweta aliyofumiwa na nyanya yake, anajifunza kutembea kama warembo, na siku ya kwanza ya kuwakaribia anaanguka na sinia. Darasa likavunjika mbavu.

Opicho akasimamisha kanda. Akaeleza hadhi, akaeleza kundi rika, akaeleza jinsi jamii inavyomwadhibu anayevuka mpaka. Kwa kila neno alimtupia jicho Mbuthia aliyeketi nyuma, na Mbuthia alikuwa akiitikia kwa kichwa. Angenyamaza hapo, mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani. Akaingia kwenye kundi la kuigwa, yaani watu ambao mtu si mmoja wao ila anaishi kwa kuwatazama, na akataka mfano kutoka hapahapa Eastlands.

"Msiniletee ya filamu," alisema. "Mwenye ukweli atapata alama zote, hata ukiwa mchungu."

Khadro, ambaye zamu yake ilikuwa kuosha vikombe vya walimu, aliinua mkono.

"Mwalimu, nikisema hutanichapa?"

"Ukweli hauchapwi."

"Kuna mtu alikuwa anapenda chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Siku hizi anakunywa kavu, na akimeza anakunja uso kama amepewa dawa ya minyoo. Anabeba gazeti na halifungui. Kuna meza anaitaka, lakini bado hajaitwa."

Kisha Bwire, kutoka pembeni, akaongeza kwa upole, akimwita mwalimu kwa lugha ya mtaani, "Na hilo gazeti ni la juzi, odijo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mbuthia hakucheka. Aliutazama mwanzi wa kuchapia uliolala juu ya meza ya mwalimu, akasema, "Mwalimu Opicho, tunakungoja."

Opicho naye akautazama. Kumchapa Khadro kungemwonyesha Mbuthia mtu imara, anayefaa idara. Tatizo ni kwamba jibu lilikuwa sahihi, tena lilikuwa zuri kuliko mfano wowote katika madaftari yake ya chuo. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: *Mfano: Mwalimu Opicho na meza ya dirishani.*

"Nakilini," alisema.

Mbuthia alitoka kabla hawajamaliza kunakili. Idara akapewa mwalimu wa jiografia, mwenye digrii.

Mwisho wa muhula swali la kundi la kuigwa lilikuwemo katika mtihani, na wanafunzi karibu wote wakajibu kwa mfano huo. Opicho akaketi akajitilia vema, karatasi baada ya karatasi. Mmoja tu ndiye aliyekatwa alama: aliandika kwamba mwalimu alikwisha kukaribishwa mezani.