Mbegu za Msimu Huu

Asistenti wa kozi za biashara, ambaye Hadassa, katibu wa kitivo pale Butembo, anagawana naye ofisi, huchambua vyuo vya Ulaya vya shahada ya uzamivu kama mama yake anavyochambua viazi huko Musienene: anakigeuza, anakiminya, anakitupa. Kwanza hufuta meza kwa kiganja, kisha husoma midomo ikicheza bila sauti. "Hawa banapenda hesabu sana, na miye niko faible, hesabu inanishinda. Hapana." "Huyu profesa hashugulike na soko zetu. Hapana." Wenzake humletea mafaili yao wakitumaini kuambiwa Mungu atafungua njia, yeye huwaambia ukweli bila kuupaka asali, halafu huwamiminia chai.

Chuo kimoja tu ndicho ambacho hakukitupa, akakipelekea maombi. Hadassa akamuuliza, "Na weye, chance yako iko namna gani?"

"Kidogo sana. Banachukua batu babili tu, mu dunia muzima."

Jana mama yake alipiga simu, sauti ikajaa ofisini: mvua imeanza, amuchungie, yaani amuwekee, mbegu ngapi kwa kashamba kake? Kila msimu asistenti hujibu upesi, "Kama kawaida, mama." Safari hii alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Mama, yangu usichunge. Kale kashamba, mudogo wangu Victoire akalime."

Akaweka simu chini, akamgeukia Hadassa, ambaye hakuwa ameuliza kitu.

"Chance ni kidogo sana," akasema. "Si nilikuambia?"