Sheni ya Zamani ya Buyenzi

Mnyororo wa pikipiki yangu uliruka meno tukiwa tunapanda mlima wa Mutanga Sud, mtaa wetu hapa Bujumbura, kurudi nyumbani. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma yangu kwa upande, mkoba wa kazi mapajani. Gurudumu la nyuma lilijifunga ghafla. Hatukuanguka, kwa sababu tulikuwa tunakwenda polepole na barabara ilikuwa kavu. Alishuka, akakaza kitenge chake kiunoni, akautazama mnyororo uliokuwa ukining'inia, ambao kwetu tunauita sheni, kisha akanena kwa ile sauti tulivu anayoitumia kwa wajawazito kazini kwake:

"Mi sipandi tena mpaka upate sheni ambayo we mwenyewe hutaiwaza ukiwa barabarani."

Akaumalizia mlima kwa miguu.

Yeye ni mkunga katika kituo cha afya cha Kinama. Siku zile mafuta yalikuwa ya shida, na mabasi yalipita yakiwa yamejaa au hayakupita kabisa. Alianza kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka ili asiwacheleweshe wenzake waliokesha. Hakulalamika, na hilo lilinikera kuliko malalamiko. Pikipiki ilikuwa pale uani, nzima, na tangi lake lilikuwa na mafuta. Kilichopungua ni mnyororo tu, na imani yake.

Ni pikipiki ya Kijapani ya silinda mbili, yenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Niliinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu wa Kinindo, aliyekuwa akiifunika shuka kama mgonjwa. Kazi yangu ni kutengeneza mizani ya madukani; mambo ya injini nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa na kamusi kando yake. Kadiri nilivyoifungua pikipiki hiyo ndivyo nilivyozidi kuwaheshimu walioiunda. Hakuna skrubu iliyowekwa kwa kubahatisha. Hata mahali pa kuingiza bisibisi wamepaacha kwa kipimo cha kiganja cha mtu.

Niliyakagua meno ya magurudumu yote mawili yanayoshika mnyororo. Yalikuwa bado yamesimama vizuri, hayajachongoka. Kwa hiyo nilihitaji mnyororo peke yake, na si ule mwembamba wa pikipiki za teksi unaopatikana kila kona. Nikaenda Buyenzi, mtaa wa mafundi na vipuri.

Duka nililoliendea ni la familia ya Kiislamu iliyouza vipuri tangu babu yao. Mwenye duka, mtu wa rika langu, ana tabia ninayoipenda: hakupi kitu kabla hajakifuta kwa kitambaa safi. Nilimweleza umbali wa pingili hadi pingili na upana wa jino. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na minyororo miwili.

Wa kwanza ulikuwa umetumika, mnene, mzito, umetoka kwenye pikipiki iliyoletwa kutoka Ulaya. Wa pili ulikuwa mpya, mkavu, bado una karatasi yake ya kiwandani.

"Hii ni ya zamani," alisema, akiuweka ule mnene mbele yangu kwa mikono miwili.

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni mupya." Akautazama kidogo. "Ni sheni, siwezi kukataa."

Mtu asiye wa Bujumbura angeshangaa. Kwetu kitu cha zamani si kitu kilichozeeka. Ni kitu cha kweli, kilichoundwa na watu waliokuwa na muda. Friji ya zamani, viatu vya zamani, redio ya zamani: ukisema hivyo umeshasifu, na muuzaji hahitaji kuongeza neno. Kipya ndicho kinachotakiwa kujitetea. Mimi mwenyewe nimelelewa katika imani hiyo, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya ule mnene.

Fundi mmoja wa rangi aliyekuwa ameketi mlangoni akisubiri mteja alituingilia. "Mupe ile mupya," alimwambia mwenye duka. "Muzee anapenda mazoezi, atakuwa anaisukuma." Watu wakacheka, nami pia.

Nilikuwa bado nasita adhana ilipoanza. Mwenye duka akaifunga minyororo yote miwili katika gazeti moja. "Peleka zote," alisema. "Ile isiyokutaka, utairudisha." Nilitoa kitambulisho changu nimwachie, akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikanirudia, akafunga kamba mlangoni, akaenda msikitini. Nilibaki nje na mali yake mkononi, nikihisi nimepewa kazi ya kufanya vizuri.

Siku mke wangu alipokuwa na mapumziko, niliufunga ule mnene. Ulikaa kwenye meno vizuri sana. Nilimwomba alizungushe gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono nami nitazame. Alilizungusha, akasimama, akalizungusha tena.

"Kuna kitu kinakwaruza."

Nilimwambia ni ugeni tu, mnyororo na injini vitazoeana. Ndivyo mafundi wote wanavyosema.

"Apana," alisema. "Inakula chuma."

Nilifungua kifuniko. Kwenye kasha la injini, nyuma ya gurudumu dogo la meno, palikuwa na mstari unaong'aa ambao haukuwapo asubuhi. Nikaufuta mnyororo mafuta na kuuangalia upya. Kila pingili ilikuwa na vipete vidogo vya mpira vya kuhifadhi grisi ndani. Vipete hivyo ndivyo vilivyounenepesha. Pikipiki yangu iliundwa kabla minyororo ya namna hiyo haijaenea, na wale waungwana waliokuwa wakipima kila kitu hawakuwa wameuachia nafasi. Mnyororo tuliouita wa zamani ulikuwa wa kizazi kipya. Ule mpya, mwembamba kidogo, usio na mpira, wenye kudai mafuta kila mara, ulikuwa umeundwa kwa namna ile ile ya zamani.

Niliufunga huo. Mke wangu akazungusha. Kilichosikika kilikuwa mlio mdogo wa chuma kilichopakwa mafuta.

Niliporudi Buyenzi nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa narudisha kile alichokisifu mbele za watu. Nilimwonyesha vipete. Akavigusa kimoja kimoja, kisha akamwita yule fundi wa rangi aje aone.

"Kumbe hii ndiyo mupya," alisema, na kicheko chake kikamtoa kofia. Sijakutana na wafanyabiashara wengi wanaoweza kukosolewa dukani kwao wenyewe na kufurahi namna hiyo. Mteja aliyefuata akakuta minyororo mipya yenye karatasi za kiwandani imehamishiwa mbele, na nikamsikia akiambiwa: "Hii ni ya zamani, bwana. Imefika juzi."

Jioni nilimsubiri mke wangu chini ya mlima wetu, mahali basi linapomwacha. Hakupanda. Aliniambia niende juu peke yangu na kurudi, yeye akiwa amesimama kando ya barabara, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Niliporudi aliniagiza niende tena, safari hii kwa kasi zaidi. Nikaenda.

Kisha alinikabidhi mkoba, akapanda, akaketi kwa kutanua miguu kama mwanamume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akanishika mabega.

"Kesho asubuhi utanipeleka Kinama," alisema. "Sasa twende, na uangalie barabara."