Maneno Niliyoyalainisha

Miaka ile sabuni ilikuwa imerudi madukani Same, lakini kahawa yetu haikuwa na bei. Watu wa milimani walilima maharage popote jembe lilipoingia, hata ukingoni mwa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mradi wa hifadhi ya ardhi uliniajiri kama mkalimani, kwa kuwa Bwana Misitu alitoka mkoa mwingine na hakujua Chasu, lugha yetu.

Katika mkutano wa tatu alisema mazao yote ya ukingoni yang'olewe, ipandwe miti. Mama mmoja mjane akasimama, akajibu kwa Chasu: "Mwambie nitang'oa siku atakayoniletea chakula. Kabla ya hapo asikanyage shamba langu."

"Anasemaje?" Bwana Misitu akaniuliza.

"Anaomba muda kidogo, mzee."

Akaandika daftarini: wananchi wameafiki.

Tukiwa tunateremka kwa Landrova nilifungua dirisha, nikafunga, nikafungua tena. Nyumbani nilisukuma sahani kando. Mke wangu akadhani ni malaria. Niliposikia miche inaanza kupakiwa, nikapanda mlima kwa miguu.

Yule mama alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akaniambia kwa Kiswahili fasaha, alichojifunza ujanani kwenye mashamba ya mkonge: "Mwanangu, mimi nilisema shamba, wewe ukasema muda. Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya watu. Lakini nani alikutuma?"

Nikamuaga, nikateremka mlima.

Jumatatu nilimweleza Bwana Misitu. Alifoka hadi karani akachungulia mlangoni. "Kwa hiyo nimepeleka uongo makao makuu?"

"Uongo ni wangu, mzee."

Alizunguka chumba mara kadhaa, kisha akasema, "Haya, niambie alivyosema. Usipunguze."

Tukarudi kijijini. Safari hii yule mama aliongea naye mwenyewe, kwa Kiswahili, na walibishana mpaka jua likawa la utosi. Mwisho wakakubaliana maharage yavunwe kwanza, na miti ishike ukanda mwembamba tu. Majirani wawili walikataa hata hivyo; upande wao haukupandwa kitu.

Mimi niliwatafsiria wazee wasiojua Kiswahili, neno kwa neno, matusi pamoja. Mkataba wangu ulipoisha sikuitwa tena. Sababu sikuambiwa, nami sikwenda kuiuliza.