Karatasi za Mzee Mhina kwenye ufa wa ghorofa

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wapangaji hawajajaa bombani, Athuman Mhina amepiga magoti kwenye ngazi za ghorofa la Masuguru, mjini Korogwe. Mkononi ana kopo la uji mzito wa muhogo na kipande cha karatasi. Anakipaka uji, anakibandika juu ya ufa ukutani, anakikandamiza kwa kidole gumba. Kisha anageuka kuona nani anamtazama.

Yupo. Grasiana Yordani, karani wa kiwanda cha mkonge anayeishi juu, anapanda na ndoo. Zamani angeitua akasema shikamoo. Leo ameifunika kwa sahani, anapita ubavuubavu bila neno.

"Umeona?" Mhina anamwambia mwandishi. "Maji ya kuoga, anayaficha nisiyatazame."

Mwashi huyu, Mzigua wa Handeni, ana miaka 58. Ghorofa hili, la kwanza mtaani, alilijenga na wenzake mwaka 1961. Mwenye mali alitaka likamilike kabla ya sherehe za Uhuru, na msimamizi akakaza mwendo. Upande wa ngazi palikuwa na shimo la taka la zamani. Mhina akashauri lichimbwe mpaka ardhi ngumu. Akaambiwa lijazwe tu.

"Nililijaza mimi, kwa koleo langu. Sasa nitajifanya sijui?"

Serikali ilipolichukua jengo mwaka 1971, miaka miwili iliyopita, aliomba kazi ya kulitunza. Hupata shilingi mia mbili kwa mwezi na chumba chini ya ngazi. Mvua za mwaka huu zikaleta ufa. Ameomba mhandisi, ameambiwa asubiri zamu. Masuguru nzima inaijua methali ya ufa na ukuta, ila wa kuutazama ufa wenyewe ni yeye peke yake.

Anautazama kwa njia ya mafundi. Karatasi ikibandikwa juu ya ufa ikachanika, ukuta unatembea. Kila karatasi huiandika tarehe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mhina hakwenda shule, alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hivyo tarehe zake ni za herufi za Kiarabu. Wapangaji walipozikuta karibu na milango yao, wakajua wamelogwa.

"Mimi karani, lakini pale sisomi hata neno moja," Grasiana anasema. "Mwanangu kaugua, wiki ileile nikakuta hirizi nyingine. Lisemwalo lipo, bwana."

Balozi wa nyumba kumi, Simeo, ameitisha kikao jioni ya leo kuamua kama Mhina afukuzwe.

Mhina naye moyo wake si mweupe. Wiki hii karatasi nne zimechanika, na anamshuku Grasiana kwamba huzichana kwa makusudi. Ndiyo maana jana aliweka mtego. Karatasi ya tano aliibandika juu kabisa, karibu na dari, mahali pasipofikika bila ngazi ya mbao anayoifungia chumbani mwake.

"Grasiana mwanangu, njoo uape hujazigusa," Mhina anamwita kabla hajafika mlangoni na ndoo yake.

"Nizishike hirizi zako, mzee? Hata kwa fimbo!" Anaruka nyuma, maji ya ndoo yanamwagika. Hofu ile haiigiziki, na Mhina anaiona.

Anaileta ngazi, anapanda, anaikagua kwa kidole. Karatasi ya tano imechanika katikati, sawasawa na mstari wa ufa. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye.

"Basi nani kaichana?" Grasiana anauliza.

"Nyumba."

Ndoo inatuliwa. Mhina anashuka akishikilia ukuta, kisha anauachia haraka. Anaogopa, wala hafichi. Anamweleza karani kila karatasi ni ya siku gani, naye anaziandika upya kwa herufi ambazo jirani zake watazisoma.

Jioni watakwenda wote wawili kikaoni. Mhina hana mpango wa kujitetea.

"Wakisema niondoke, nitaondoka," anasema. "Ila wasibaki nyuma. Familia zote nane tutoke leo, wanifukuzie huko nje."