Maji Meusi ya Kiwanda cha Ngozi

Jana dukani nilijaribu viatu vipya, na harufu ya ngozi ikanirudishia hooyo, mama yangu, akiingia nyumbani jioni kutoka kiwandani, vidole vimepasuka kwa chumvi, baibui limeshika harufu isiyotoka hata kwa uvumba. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yetu, tukabaki na mbuzi mmoja. Kiwanda cha ngozi ndicho kilichotulisha.

Maji yake meusi yalipita mtaroni hadi kwenye laga, mto wa msimu. Siku moja mbuzi wa jirani yetu, mwanamke mzee aliyeishi peke yake, aliyanywa, akaanguka na kufa mbele ya macho yangu. Jirani hakuwa na mwingine wa kukamua.

Hooyo aliposikia alitoka uani. Alimfungua mbuzi wetu, akanipa kamba, tukaenda kwa yule jirani.

"Eddo," hooyo akamwita kwa heshima, kama shangazi, "mchukue huyu."

"Kwani kiwanda ni chako?" mzee akauliza.

"Si changu. Lakini yale maji mimi ndiye ninayeyamwaga."

Mzee akanitazama. "Na huyu mtoto atakunywa nini?"

Hooyo akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeikaza kamba, nikiomba kimoyomoyo mzee akatae. Hakukataa. Aliifungua mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akamfunga mbuzi mlangoni pake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati, akanipa.

"Uje nacho kila asubuhi," akaniambia. "Wallahi, wa kwanza kunywa utakuwa wewe."